Taa ya Dirishani: Ngoma ya Pili

Mkono wa mama Lempi Moilanen ulikuwa bado umenyooshwa kuelekea jukwaani, na watu mia sita walikuwa wakiutazama.

Hapo ndipo nilipowakatia Jumapili iliyopita, na barua zenu za matusi nimezipata. Mmoja wenu ameniuliza, "Kwani huyo Ensio si akatae tu?" Ndugu yangu, wewe hujawahi kukanyaga ukumbi wa dansi wa kwetu Kainuu, kaskazini mwa Ufini! Ubao wa taa ukishawaka pale juu, WANAWAKE WACHAGUE, mwanamume hana hapana. Awe daktari, awe mchungaji, awe na mguu wa mti, akinyooshewa mkono anainuka. Na anacheza nyimbo mbili. Mbili, si moja. Kisha anamrudisha bibi kwenye benchi lake na kumshukuru. Mimi na magoti yangu haya mabovu sijawahi kukataa hata siku moja.

Basi Ensio Karvonen, ambaye Ufini nzima inamjua kwa jina la Eddi Karo, alisimama na maikrofoni yake akimwangalia mwanamke wa miaka sabini na mbili aliyewapita wanaume wote wa kijiji chetu cha Hietaperä akaja kumchagua yeye. Mama yake Oiva. Mama wa rafiki yake aliyechukuliwa na mto miaka tisa iliyopita akisukuma magogo, mwili usionekane mpaka leo.

"Amekuja kunizaba kibao," akawaza. "Na anizabe. Ninastahili."

"Shuka, Eddi! Shuka!" Huyo alikuwa Börje Stenvall nyuma ya pazia, bosi wa kampuni ya kurekodi, mtu wa Helsinki anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. "Bibi kizee na nyota wa muziki! Tuko hewani redioni nchi nzima, nani angepanga kitu kizuri hivi?"

Ensio akashuka.

Wewe unayeanza kusoma leo nikupe kwa kifupi, maana mama wa watu anasubiri. Oiva aliandika wimbo kwa penseli, "Taa ya Dirishani". Ni kuhusu taa ambayo mama yake alikuwa akimwashia kila alipokuwa kazini mtoni. Walsi, dansi ya polepole ya wawili wawili. Oiva alipopotea, Ensio aliuimba kanisani, bila jeneza, akaapa mbele ya mama: wimbo huu sitauimba kamwe isipokuwa vile alivyouacha mwenyewe.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Stenvall akamwambia huzuni hainunuliwi. Akaufanya humpa, ile dansi ya kurukaruka. Maneno akayabadilisha. Taa ya mama ikawa taa ya mwanamke anayewaita wanaume mume wake akisafiri. Akatia na kiitikio cha "Hahaa!" ambacho kumbi zote hupiga kelele pamoja. Ensio akaimba. Hakushikiwa bunduki. Alisoma yale maneno, akanywa maji, akaimba.

Bendi ikaanza walsi isiyo na maneno. Mama Lempi akaweka mkono begani kwake.

"Umekonda," akasema, hata hatua tatu hawajapiga.

"Kazi, mama."

"Kazi gani ya kusimama na kufungua mdomo? Huko Helsinki hawapiki?"

"Wanapika, mama."

"Basi huli. Na hizi nywele? Umezipaka nini, siagi?"

Miaka tisa mwanamke huyu hajacheza dansi. Anaishi kilomita kumi na moja ndani ya msitu, ana ng'ombe wanne, na dirisha moja lenye taa ambayo haijazimwa mchana wala usiku tangu Oiva apotee. Balbu ikiungua anaweka nyingine. Leo amevaa gauni lake la kanisani.

"Mama, kuna kitu nataka nikwambie."

"Mimi kwanza. Nani amechagua hapa, wewe au mimi?"

"Wewe."

"Haya. Asante, mwanangu."

"Asante ya nini?"

"Ya wimbo! Kauno wa posta ameniambia wimbo wa Oiva unapigwa kila siku, mpaka Uswidi wanauimba. Nikamwambia, mimi sishangai. Ensio aliapa mbele yangu."

Miguu ya Ensio ikapoteza mwendo. Mama Lempi akamvuta mkono kidogo, akamrudisha kwenye walsi.

"Kwani... hujausikia, mama?"

"Nitausikilizia wapi? Redio imekufa tangu mwezi wa tatu. Binti yangu Hilja amempelekea fundi mara mbili, fundi anasema haiponi. Ndiyo maana nimekuja na gari la posta, Hilja mwenyewe hajui. Lakini mimi nilikuwa najua hata bila kuusikia. Wale vijana wa pikipiki wakipita barabarani, wakiiona taa yangu, wanapunga mikono na kupiga kelele, 'Hahaa! Hahaa!' Kila Jumamosi. Mimi nalala nacheka. Namwambia Oiva, unasikia? Wanakusalimia."

Sentensi hiyo nimeiandika nikainuka nikaenda kunywa maji jikoni.

Ensio hakuwa na jiko la kukimbilia. Alikuwa katikati ya sakafu, amemshika kiuno mama wa rafiki yake, na mama huyo alikuwa akimtazama kwa mapenzi. Kibao kingekuwa afadhali. Alitamani ampige, amtukane, amtemee mate kwenye ile suti nyeupe ya kampuni.

Akatazama kando. Watu wa Hietaperä waliokuwa wakicheza karibu naye wakainamisha nyuso. Wote walijua. Miezi saba hakuna aliyemwambia mama Lempi neno, si dukani, si kanisani. Parokia nzima ilikuwa imembebea Ensio aibu yake kimyakimya.

"Na bado," mama Lempi akaendelea, sauti ikashuka kama ya msichana mwenye siri. "Kabla sijaja kwako nilipita kwa yule mwenye bendi. Nimemwomba wimbo wa pili uwe wetu. Walsi na walsi, si ndivyo inavyotakiwa? Amefurahi huyo! Ameniambia, bibi, hata usingeomba!"

Ensio akageuza shingo.

Heikura, kiongozi wa bendi, mtu wa mjini Oulu asiyemjua Lempi wala Oiva, akamkonyeza. Mpiga gitaa alikuwa amekwishasogea kwenye maikrofoni ili aimbe yeye. Na wale waliokuja kwa mabasi kutoka Kajaani na Oulu, wageni mia nne wasiojua chochote, walikuwa wanajisogeza mbele wakicheka, wamejiandaa na "Hahaa!" zao.

Walsi ikaisha.

Ukumbini kwetu, kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, watu hawaachani. Wanasimama palepale, wanaongelea hali ya hewa, wanasubiri. Ni nusu dakika hivi. Mama Lempi alisimama akisubiri, ametabasamu, ameshafumba macho.

Na hapo Ensio akafanya jambo ambalo mgeni asingeliona kuwa kitu, lakini kwetu hata mlevi halifanyi. Alimshika mama Lempi kiwiko, akamgeuza, akamrudisha kwenye benchi.

Baada ya wimbo mmoja!

Mnajua maana yake? Msiojua niwaambie. Maana yake ni "sikutaki". Mwanamke aliyerudishwa baada ya wimbo mmoja anaweza asirudi ukumbi huo maisha yake yote. Nimemwona mmoja aliyehamia Uswidi kwa ajili hiyo.

Wanawake wa mabenchi ya ukutani walisogea kumpa nafasi, bila kumtazama. Heikura, kuona mwomba wimbo ameketishwa, akashusha mkono wake.

"Nimekukanyaga?" mama Lempi akauliza.

"Hapana, mama."

"Nanuka ng'ombe? Nilikamua asubuhi, lakini nilioga. Niliingia sauna kabisa."

"Hapana, mama, hapana! Hunuki chochote. Ni mimi tu... samahani. Asante kwa dansi."

Ensio akamwachia kiwiko. Alipogeuka alisikia unafuu mdogo wa kishetani: hajausikia. Unafuu huo ulidumu hatua nne. Hatua ya tano alikutana na Hilja.

Hilja Moilanen, dada yake Oiva. Zamani Ensio aliimba, Oiva alipiga gitaa, Hilja kodiani. Siku hizi anauza kahawa kwenye kidirisha cha ukumbi, na alikuwa amekuja na aproni yake na unga wa mkate wa iliki mikononi.

"Umemkalisha baada ya wimbo mmoja?"

"Hilja, nisikilize..."

"Mama yangu? Umemkalisha mama yangu mbele ya Ufini nzima, baada ya wimbo mmoja?"

"Wangepiga ule wimbo! Ule wa sasa! Angesikia!"

"Sasa ndiyo unaogopa asije akasikia? Februari ulikuwa wapi na hofu yako?" Hilja alinong'ona, lakini mnong'ono wake ungeweza kukata mbao. "Unajua nani ameua redio ya nyumbani? Mimi. Nilichomoa valvu, kile kibalbu chake cha ndani, ninayo kwenye mkoba miezi sita. Namdanganya mama yangu kila siku ya Mungu ili asijue wewe ni mtu wa namna gani. Namwambia fundi hivi, fundi vile. Hata fundi hayupo, alihamia Kuopio! Na wewe unakuja kumwaibisha kwa mikono yako mwenyewe."

"Nilitaka kumkinga."

"Ulitaka kujikinga wewe."

Ensio akatazama kule benchini.

"Mchukue umpeleke nyumbani," akasema. "Gari lako si liko nje? Mtoe sasa hivi, Stenvall atataka niimbe, imebaki robo saa ya matangazo. Tafadhali, Hilja."

Hilja akaenda benchini, akainama, akasema maneno mawili matatu. Kisha sauti ya mama Lempi ikasikika mpaka mlangoni:

"Siendi! Nimeachwa benchini mbele ya watu, halafu nitokee mlango wa nyuma kama mwizi? Nitakaa hapahapa. Kama hataki kucheza na mimi, basi. Wimbo wa mwanangu nitausikia."

Mmeona? Angemchezesha ule wa pili, labda angepata namna ya kumnong'oneza, kumtoa nje, kumwandaa. Yeye amemtia aibu, na aibu imempigilia misumari kwenye benchi. Nikimwandika huyu Ensio wakati mwingine natamani kumvuta sikio.

Stenvall alimkamata pembeni ya jukwaa.

"Imebaki dakika kumi. Panda, imba 'Taa', tumalize kwa kishindo."

"Si leo, Bwana Stenvall. Naomba. Niimbe kitu kingine chochote."

"Eddi, watu mia sita wamekuja kusema 'Hahaa'. Nchi nzima iko kwenye meza ya kahawa inasubiri kusema 'Hahaa'. Wiki ijayo Stockholm, televisheni. Na wewe unaniletea 'kitu kingine'?"

"Yule mama pale benchini ndiye mwenye taa."

"Taa gani?"

"Ile taa. Ya kwenye wimbo. Ni yake."

Stenvall akavua miwani kwa mara ya kwanza tangu tuanze hadithi hii. Ana macho madogo, yamechoka. Akamtazama mama Lempi, akaivaa tena.

"Pole yake," akasema. "Kweli, pole yake. Lakini nikwambie kitu bila kukuzungusha. Jina la Eddi Karo si lako, ni la kampuni. Ukinichezea leo, Jumatatu nampa kijana mwingine mwenye meno mazuri, na wewe unarudi kukata miti. Haya, panda."

Ensio akapanda.

Ngazi tatu tu zile, nimezihesabu mwenyewe. Kwenye ya kwanza alikuwa Eddi Karo. Kwenye ya pili alimwona Oiva na penseli sikioni, amekaa juu ya gogo, anamuuliza, "Hili neno linakaa?" Kwenye ya tatu akamwinamia Heikura.

"Msipige kitu."

"Nini?"

"Msiguse hata ngoma. Nitaimba peke yangu."

Akaishika maikrofoni. Fundi wa redio akainua kidole: uko hewani.

"Mimi ni Ensio Karvonen," akasema. Alisema kwa lafudhi ya kwetu, ile ambayo Stenvall alimfundisha kwa miezi mitatu kuiacha. "Mtoto wa hapahapa Hietaperä. Nitaimba wimbo wa Oiva Moilanen kama alivyouandika."

Wageni wakacheka. Walidhani ni mzaha, Eddi Karo ni mtu wa mizaha. Watu wa Hietaperä wakainua nyuso, mmoja mmoja. Hilja alisimama na kisahani mkononi, hakumbuki amekichukua wapi.

Akaimba, polepole, sauti tupu:

*Washa taa, mama, dirishani,*
*mwanao yuko mtoni kazini.*
*Nikiiona toka ng'ambo, moyoni*
*najua nimekaribia nyumbani.*

Jamani. Mimi nimesikia waimbaji. Sauti ile haikuwa imetoka hadharani kwa miaka. Haikuwa na mafuta wala sukari. Mzee mmoja wa kiwanda cha mbao alivua kofia. Mama Lempi alikuwa akiimba naye kwa midomo tu, neno kwa neno, na aibu yote ya benchi ilikuwa imemtoka usoni. Hilja akaketi chini, palepale alipokuwa.

Ensio alimwona mama Lempi akitabasamu, akasikia kitu kimelegea kifuani kwa mara ya kwanza tangu Februari. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo kwa ubeti wa pili.

Ubeti haupo.

Alitafuta. Aliujua tangu akiwa na miaka ishirini na mbili, aliuimba kanisani akilia, na sasa haupo! Wimbo ule mwingine ameuimba mara mia mbili tangu Februari, kila wiki mara saba, mara nane, mpaka usingizini. Mdomo wake haukuwa na subira ya kusubiri moyo ukumbuke. Mdomo ulijiendea wenyewe njia ulizozizoea, kwa walsi ileile ya polepole, kwa sauti ileile nzuri:

*Taa ikiwaka, mume hayupo,*
*gonga dirisha, nafasi ipo...*

"HAHAA!" ukumbi ukalipuka.

Wageni mia nne, kwa furaha tupu! Kumbe alikuwa anawachezea, kumbe ndiyo Eddi wao yuleyule! Wakapiga miguu sakafuni, vioo vya madirisha vikatetemeka. Ensio alijiziba mdomo kwa kiganja, mbele ya watu wote, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mama Lempi hakupiga kelele. Alikaa wima. Midomo yake ilikuwa bado imefunguka kwenye neno la kwanza la ubeti wa kweli, neno ambalo hakuna aliyelisikia.

"Hahaa," akasema taratibu, kama mtu anayejaribu chakula cha kigeni.

Halafu akaelewa. Aliyekaa karibu naye aliniambia kwamba aliona jambo hilo likimwingia kipande kwa kipande. Vijana wa pikipiki. Redio isiyopona. Dukani wanavyonyamaza akiingia. Wimbo mmoja, kisha benchi.

Akainuka. Akavuka sakafu kwa mara ya pili siku hiyo, na kelele zikawa zinakufa kila alipopita, kwa sababu watu wa Hietaperä walikuwa wanawafinya wageni mikono. Alipofika kwenye ngazi ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

"Mtoeni huyo bibi!" Stenvall alinong'ona kwa nguvu. "Eddi! Mnyang'anye maikrofoni! Heikura, piga! Piga kitu chochote!"

Heikura akamtazama Ensio. Ensio akatikisa kichwa, na Heikura akaweka saksafoni yake chini. Dakika tatu zilizopita mtu yule wa Oulu hakujua lolote, sasa alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Mama Lempi alikuwa mfupi. Maikrofoni ilikuwa juu ya kichwa chake. Ensio akainama, akalegeza ile skrubu, akaishusha mpaka ikafika mdomoni pake. Ilimchukua muda mrefu, na nchi nzima ilisikia chuma kikikwaruza.

"Naitwa Lempi Moilanen," mama Lempi akasema. "Mnaosikiliza huko majumbani. Hiyo taa mnayoicheka ni yangu. Simwiti mwanamume. Nina mtoto mmoja hajarudi nyumbani."

Mtangazaji wa redio alikuwa ameshika kichwa. Fundi wake, kijana wa Tampere mwenye mama kama wengine wote, alikuwa ameondoa mkono kwenye mitambo na kuutia mfukoni.

Mama Lempi akamgeukia Ensio, lakini hakuondoka kwenye maikrofoni.

"Ubeti wa pili, Ensio. Unasemaje?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kutunga, hiyo ndiyo kazi yake. Stenvall kule pembeni alikuwa akichora vitu hewani kwa mikono. Ensio alitazama lile gauni la kanisani, akasema:

"Nimeusahau, mama."

"Umeusahau."

"Nimeuuza, halafu nimeusahau. Nilikuapia, nikauuza. Wewe unanishukuru, na mimi ndiye niliyewapa wale vijana kile wanachokupigia kelele dirishani. Ni mimi, mama. Si wao."

Wanawake kwenye mabenchi walikuwa wanalia waziwazi. Mama Lempi hakulia. Alimtazama tu, kwa muda, jinsi mtu anavyotazama chombo chake kilichovunjika ili ajue kama kinaungika.

"Miaka tisa," akasema, "mtu akiniuliza Lempi, kwa nini huzimi, nilikuwa nasema, wapo wawili wanaojua sababu. Mimi na Ensio. Sasa nimebaki mwenyewe. Na mimi nimechoka kuchekwa nikidhani nasalimiwa." Akafunga kifungo cha juu cha gauni. "Nakwenda nyumbani. Nakwenda kuizima."

Akashuka. Hilja akamshika mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya watu, na hakuna aliyethubutu kusogea mpaka walipopita.

*Kuizima.*

Ensio alibaki amesimama na neno hilo. Likaingia, likagonga mahali. Kuizima. Usiizime... Mungu wangu. *Usiizime!* Oiva juu ya gogo, penseli sikioni. Hili neno linakaa?

Na ubeti wote ukarudi, mzima, haujapungua hata herufi:

*Nikichelewa, mama, usiizime,*
*hata wakisema sirudi, usiizime.*
*Mto ukinivunjia boti na kasia,*
*kwa miguu, mama, nitafika pia.*

Alijirusha kwenye maikrofoni, akaimba kwa nguvu zake zote. Haikutoa sauti. Chini ya jukwaa Stenvall alikuwa amepiga magoti na waya mkononi, ameung'oa mwenyewe.

"Umekwisha, Eddi!" akafoka. "Umesikia? Umekwisha!"

"Chukua," Ensio akasema, akavua lile koti jeupe na kumrushia. "Na jina lako humohumo."

Akaruka jukwaa, akapasua watu, akatoka nje. Gari la Hilja lilikuwa limeshakata kona, vumbi tu limebaki barabarani. Kilomita kumi na moja kwa kuzunguka ziwa. Dakika kumi na tano kwa kale kagari kake, na hapa nje mabasi yalikuwa yamefungiana njia, hakuna gari jingine ambalo lingetoka kabla ya saa nzima kupita.

Ng'ambo ya ziwa, kati ya miti, kulikuwa na nukta ndogo ya njano. Ilikuwa inawaka bado.

Ensio alivua viatu vya jukwaani, vile vyenye visigino, akaviacha palepale barabarani. Akaanza kukimbia, macho yake kwenye ile nukta.